Shangazi, kwa Mchina kuna halali kweli?

Toleo lililopita nilitaja kwa sentensi moja tu kwamba kaa mtamu kuliko wote niliowahi kula nimemla kwa Mchina, tena Mchina wa halali, Kuala Lumpur. Sentensi moja jamani! Barua zilizokuja zimenifanya nijiulize kama kuna mtu alizisoma zile kurasa mbili nilizoandika kuhusu mbaazi. Haya, mbaazi zikae pembeni, leo tunajibu ya kwa Mchina. Wanaonijua wanajua nilikaa Malaysia miaka sita mume wangu akisoma, kwahiyo ninayosema nimeyala mwenyewe, sijasimuliwa.

*

*Asalaam aleykum Shangazi, au nikwite dada maana nadhani tu marika. Niko Unguja, mwanangu anamaliza chuo kikuu cha kiislamu kule Gombak, Malaysia, na tunakwenda kwenye mahafali, tupo saba na bibi yake yumo. Sasa kijana anasema usiku huo atatupeleka kula samaki kwa Mchina eti mkahawa wa halali. Mi nikamwambia Mchina na halali wapi na wapi, si watatulisha kitimoto hawa? Ananicheka tu. Bibi yake keshasema atabeba mkate wake wa mofa kwenye begi. Nitoe wasiwasi.*
*— Mama wa mwanachuo, Unguja*

Waaleykum salaam dadaangu, kwanza hongera, mtoto kumaliza chuo ugenini sio mchezo. Pili mwambie bibi wasiwasi wake una miaka karibu 700, hajauanza yeye. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita kwetu huku mwaka 1331, akafika Mombasa akaandika watu wa pale chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, akashuka mpaka Kilwa, na miaka kama kumi na kitu baadae akafika China na kitu alichokiona kikamkera ni kwamba wanakula nguruwe na mbwa na wanawauza sokoni waziwazi. Lakini huyohuyo akaandika tena kwamba kila mji wa China una mtaa wa Waislamu na misikiti yao. Sa unaona? Mambo mawili yapo pamoja tangu zamani. Pale Quanzhou kuna msikiti umejengwa mwaka 1009, na Guangzhou kuna wa Huaisheng wenye mnara mrefu wa zamani sana. Na yule amiri jeshi wa baharini Zheng He ambae meli zake zilifika mpaka Malindi miaka ya 1400 na kitu alikua mtoto wa familia ya Kiislamu kutoka Yunnan. Kwahiyo Mchina na halali wanajuana siku nyingi tu, sisi ndo tumechelewa kupata habari.

Sasa tuje Kuala Lumpur. Wachina wa Malaysia wengi wao sio Waislamu na migahawa yao mingi kweli ina nguruwe, hilo usifichwe. Lakini ipo mingine ambayo mwenyewe Mchina ni Muislamu, na ipo ambayo mwenyewe sio Muislamu ila jiko lake limekaguliwa na lina cheti. Zote mbili unakula. Kitu cha kutazama sio jina wala sura ya mpishi wala picha ya msikiti ukutani, tazama cheti. Kule cheti kinatolewa na JAKIM, idara ya serikali inayosimamia mambo ya Uislamu, pamoja na idara za dini za majimbo, na tangu sheria iliyotoka 2011 mtu mwingine ndani ya nchi hana ruhusa ya kujitolea cheti chake. Nembo yenyewe ni duara, katikati nyota ya pembe nane na neno halali kwa Kiarabu. Inatakiwa itundikwe mahali inapoonekana na ina tarehe ya kuisha, na hiyo tarehe ndo watu hawaitazami kabisaa. Mwambie kijana aingie kwenye tovuti ya halali ya JAKIM aandike jina la mkahawa kabla hamjapanda taksi, dakika moja tu, kuliko kufika pale na bibi wa miaka themanini alafu mnaanza kugeuzana mlangoni.

Alafu kuna mtego, nisikilize vizuri hapa. Utaona migahawa mingi ya Kichina imebandika kikaratasi kwamba hawatumii nguruwe wala mafuta ya nguruwe. Watu wetu wakisoma hivyo wanavuta viti wanakaa. Jamani, hiyo sio halali! Hiyo ni mtu anakwambia kisichokuwemo, hajakwambia kilichomo. Kuku kachinjwa na nani? Na kubwa kuliko yote, pombe.

Maana hapa ndo wengi hatujui. Sisi watu wa pwani samaki akiwa na shombo tunafanyaje? Ndimu. Unamkamulia ndimu na chumvi na kitunguu saumu, unamuacha, shombo inakata. Mchina kazi hiyohiyo anaifanya kwa tangawizi na mvinyo wa mchele. Mvinyo wa Shaoxing kwa mpishi wa Kichina ni kama ndimu kwa mama wa Kitanga, haupimi, haufikirii, mkono unakwenda wenyewe. Samaki wa mvuke, unaingia. Kamba wa kukaanga kwenye karai, unamwagwa pembeni ya karai moto unawaka fwaa! Kwahiyo mtu anasema “mi nakula samaki tu, samaki hachinjwi, basi niko salama” kumbe samaki mwenyewe kaogeshwa mvinyo. Mi hua nasema kwa Mchina usiogope nguruwe, nguruwe utamuona, ogopa chupa iliyo karibu na jiko. Mkahawa wenye cheti hiyo chupa haina ruhusa ya kuingia mlangoni, wanatumia tangawizi nyingi zaidi na majani ya kitunguu, na hata bia hawauzi. Ndo maana dalili yangu ya haraka nikiingia mahali ni meza za jirani, nikiona chupa za bia nageuka kimya kimya bila hata kuuliza.

Mengine ya kujua ukiwa popote pasipo na cheti. Sosi ya XO ambayo wanapikia kamba na kombe, jina limetokana na brandi ya kifahari, brandi yenyewe kwa kawaida haimo ila paja la nguruwe lililokaushwa limo. Kamba waliolewa, hao jina linajieleza. Na “kuku wa shambani”, hii nimecheka nayo sana, kwa Kichina wanamwita tianji, ukitafsiri neno kwa neno ni kuku wa shambani kweli, ila anaeletwa mezani ni chura! Nilimkuta kwenye menyu kaandikwa hivyohivyo kwa tafsiri, mume wangu tayari keshafurahi anasema leo tumepata kienyeji.

Kwa watu saba na bibi yumo agizeni hivi. Samaki mzima wa mvuke, akipatikana chewa vizuri, asipopatikana siakap ambae ndo wa kawaida kule, nyama yake nyeupe laini haina miba ya kusumbua. Chagueni mtindo wa Kikanton, yaani wa Wachina wa upande wa Guangzhou, tangawizi na majani ya kitunguu na sosi ya soya nyepesi na mafuta ya moto juu, bibi ataula bila kulalamika. Kuna mtindo wa Teochew, Wachina wengine wa kusini, wenye nyanya na plamu za chumvi na mboga ya kuchachuka, mi naupenda zaidi ila una uchachu, mwenye vidonda vya tumbo asiguse. Kamba wa siagi, hawa wanapikwa na yai linalotiwa kwenye mafuta likatoka nyuzi nyuzi kavu, na majani ya mchuzi na pilipili kichaa, watoto watagombana. Kaa mmoja au wawili. Mboga moja ya majani, tofu (ile jibini ya soya) moja, wali. Basi, msiagize zaidi. Sahani zinakaa katikati kwenye kile kioo cha kuzunguka kila mtu anachota.

Na mkate wa mofa bibi aubebe tu. Atautumia kuchovya mchuzi wa kaa na nakuhakikishia watu wa meza ya pili watauliza unauzwa wapi.

*

*Shangazi shikamoo. Mi ni mwanafunzi Cyberjaya, huku Malaysia. Nilimpeleka mtu wangu kula kaa kwa Mchina, pana cheti na kila kitu safi. Kwenye menyu imeandikwa ringgit 12 nikasema mbona bei ya kawaida, nikaagiza kwa mbwembwe. Bili ikaja kaa peke yake 156. Nilitaka kuzimia. Nikauliza wakasema 12 ni kwa gramu mia. Hivi huu si wizi?*
*— Nilikopa nauli, Cyberjaya*

Marhaba mwanangu na pole, ila sio wizi, ni wewe hukusoma maandishi madogo. Kaa wako alikua kilo moja na gramu mia tatu, mara 12 kwa kila mia, hesabu yao imetimia kabisa. Samaki na kaa walio hai kwa Mchina hawauzwi kwa sahani, wanauzwa kwa uzito, na menyu nyingi hata bei haiandikwi, inaandikwa tu bei ya msimu. Ukiona maneno hayo usione haya, uliza. Haya ndo yanayotufilisi waswahili, tunaona kuuliza bei mbele ya mchumba ni aibu, alafu bili ikija tunatoka jasho kwenye kiyoyozi.

Utaratibu ni huu. Unakwenda kwenye matangi ya kioo wewe mwenyewe. Unauliza bei ni kwa gramu mia au kwa kilo. Unachagua. Anamvua kwa kimia, ANAMPIMA MBELE YAKO, anakwambia uzito, unapiga hesabu kwenye simu, ukiona hapana unasema huyu mkubwa nipe mdogo wake. Yote hayo kabla hajaingia jikoni maana akishaingia jikoni ni wako. Kwa watu wawili kaa wa gramu 700 anatosha na wali na mboga. Kaa wa kilo na zaidi wa nini, mlikua mnafunga ndoa?

Alafu karanga na vile vitambaa vya maji wanavyokuwekea mezani bila kuagiza vinalipiwa, kama huvitaki warudishe mapema. Na bei ikiwa na alama mbili za kujumlisha pembeni maana yake bado kuna gharama ya huduma na kodi. Malaysia kodi ya huduma kwenye chakula ni asilimia 6. Siku ukivuka kwenda Singapore ndo ujipange, huduma asilimia 10 na kodi 9 juu yake, na huko kaa ndo ghali zaidi. Cheti chao kule kinatoka MUIS, baraza la Waislamu la Singapore, usitafute JAKIM. Na usidhani ile migahawa mikubwa ya watalii inayosifika kwa kaa wa pilipili ina cheti, mingi haina, uliza kwanza.

Huyo mtu wako lakini, alijitolea kuchangia au alitazama simu tu? Jibu hilo lina thamani kuliko 156.

*

*Asalaam aleykum. Mimi ni mtu wa Tanga. Wewe unamsifia kaa kila siku na watu wanakusoma. Ustadhi wetu katusomesha kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii kaa haliwi. Unapotosha watu au vipi?*
*— Msomaji mwenye uchungu na dini*

Waaleykum salaam kaka yangu, tena jirani yangu, mi kwetu Ngamiani. Ustadhi hajakosea na mimi sijapotosha, ngoja tuelewane. Kweli Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Shafii, kwenye kitabu chake Minhaj kamtaja kaa pamoja na chura na nyoka kwa hoja kwamba wanaishi nchi kavu na majini, na mnyama wa namna hiyo kwa Shafii haliwi. Hiyo ipo imeandikwa. Lakini swali waliloliuliza wanazuoni wa leo ni je huyu kaa tunaemla kweli anaishi pote pawili? Indonesia, ambao ni Mashafii kama sisi, baraza lao la maulamaa mwaka 2002 waliita wataalamu wa viumbe wa majini wakaeleza kwamba kaa hawa wanaouzwa sokoni wanapumua kwa mashavu kama samaki, makazi yao maji, mayai yao hawatagii nchi kavu. Wakatoa fatwa ni halali maadam hana madhara. Malaysia nao kamati yao ya fatwa ikaruhusu yule kaa mkubwa wa kwenye mikoko, kaa wa matope kama wetu. Ndo maana unamkuta kwenye mkahawa wenye cheti cha serikali.

Chura kwetu Mashafii bado haliwi, kwahiyo yule kuku wa shambani abaki shambani.

Wasomaji wangu Mahanafi, najua mpo hasa Dar na Nairobi, kwenu mlango ni mwembamba zaidi, cha baharini ni samaki tu, kaa na ngisi na pweza hapana, na kamba wanazuoni wenu wenyewe wanavutana. Nyie kwa Mchina agizeni samaki wa mvuke na mtashiba vizuri tu. Na kaka yangu wa Tanga, ukibaki na kauli ya ustadhi wako hakuna atakaekulaumu, mimi ni mpishi sio mufti. Ila kaa wa kwenu Tanga wanaovuliwa mikokoni unadhani wanaliwa na nani, Wajapani?

*

*Dada za saa hizi. Mi mfanyabiashara Kariakoo, naenda Guangzhou maonesho ya Oktoba mara ya kwanza. Wazoefu wananiambia kula noodles tu kwa waislamu wa kule. Mi samaki ndo chakula changu. Nitapata samaki wa halali Guangzhou au nibebe dagaa?*
*— Mzee wa mzigo*

Beba dagaa hahaha, ila utapata. China mambo ni tofauti na Malaysia kabisa usije ukachanganya. Kule hamna sheria moja ya taifa ya halali, vyeti vinatolewa na jumuiya za Waislamu za mahali mahali. Neno unalotafuta mlangoni ni qingzhen, linaandikwa 清真, maana yake safi na kweli. Lipige picha kwenye simu sasahivi. Usitegemee maandishi ya Kiarabu peke yake, maana miaka ya karibuni baadhi ya miji, Beijing ikiwemo, wenye migahawa walitakiwa wayatoe, kwahiyo utakuta mahali pa halali kabisa hakuna Kiarabu hata herufi moja.

Mtaa wako ni Xiaobei, kila mwafrika anaujua, utasikia Kiswahili barabarani kabla hujashusha begi. Migahawa ya Waislamu imejaa. Tatizo lako litakua moja, wenyewe wengi wametoka Gansu, Qinghai, Xinjiang, bara ndani kabisa ambako bahari wanaiona kwenye TV. Wanachojua ni kondoo na ngano, tambi za kuvutwa kwa mkono, mishikaki, na hapo hawana mpinzani. Na madhehebu yao ni Hanafi, kwahiyo kaa na ngisi wengi hawashughuliki nao. Samaki mzima lakini wanapika, uliza samaki wa mvuke au wa kukaanga na pilipili. Ukimpata mpishi wa Xinjiang akakupikia samaki kwa bizari ya pilau na pilipili utanikumbuka kwenye sala zako.

Ukilazimika kukaa na wenye kiwanda kwenye mkahawa wao usiokua wa halali, maana biashara kule inamalizikia mezani, jifunze kusema “bu yao fang jiu”, usitie mvinyo, na “wo bu chi zhu rou”, sili nyama ya nguruwe. Ila nikwambie ukweli, karai ni lilelile lililopika kitimoto dakika tano nyuma, na kijiko kilekile. Wafanyabiashara niliokua nakutana nao wanaagiza matunda na chai na mayai ya kuchemsha wanasema wana sukari, mwenyeji anaelewa, biashara inaendelea. Wengine wanamwambia mapema kabisa twende qingzhen, na Wachina wengi hawana neno, mishikaki ya kondoo wanaipenda wenyewe.

*

*Aunty niaje. Niko Nairobi, boss wetu Mchina alitupeleka dinner ya seafood ya halal juu tuko na maislamu wengi kazini. Wakaleta bakuli ya maji ya chai na kipande ya ndimu ndani. Nikakunywa. Meza yote ikanyamaza. Nilikosea wapi?*
*— Kijana wa mjengo*

Mwanangu hiyo ni ya kunawia vidole baada ya kumenya kaa na kamba! Chai na ndimu inakata shombo mikononi. Pole lakini hujaumwa, na si wa kwanza, mjomba wangu mmoja kaimaliza akaomba na sukari. Kwa siku nyingine nyongeza mbili tatu. Samaki mzima akiliwa upande mmoja usimgeuze, hasa ukikaa na Wakanton, wavuvi wao wanaona ni kupindua mashua, unautoa mgongo wa miba wote unaendelea na upande wa chini. Mtu akikumiminia chai gonga meza kwa vidole viwili taratibu, ndo shukrani yao, boss wako atafurahi mpaka akuongezee overtime. Vijiti visisimamishwe kwenye wali, hiyo ni ya matanga.

*

*Asalaam aleykum Shangazi. Huku Pemba tunakusanya majongoo bahari na wanunuzi wanayapeleka kwa Wachina. Sisi hatuyali hata kwa dawa. Wenyewe wanayafanyaje?*

Waaleykum salaam. Wanayaloweka yale makavu siku kadhaa mpaka yavimbe yalainike, alafu wanayapika taratibu na uyoga mweusi na sosi ya chaza, yanaletwa kwenye karamu na sikukuu ya mwaka mpya wao. Wanayaita haishen, ginseng ya bahari, wanaamini yanatia nguvu. Ladha? Hayana. Nimekula mara moja, ni kama kutafuna ufizi wako mwenyewe, utamu wote ni wa mchuzi. Wamalei wao wanayaita gamat na Langkawi wanayatengenezea mafuta ya kupaka vidonda. Mkiyauza ulizeni bei ya mezani kule, mtajua mnapunjwa kiasi gani.

*

*Shangazi shikamoo. Mie wa Mombasa, mfuko hauna nauli ya Malaysia. Nipe huyo kaa wa pilipili nipike mwenyewe nyumbani, na usinitajie vitu visivyopatikana Marikiti.*
*— Binti wa Kibokoni*

Marhaba mwanangu, huyu ndo nilikua namsubiri.

Kwanza ujue asili yake ni Singapore, mwaka 1956, mama mmoja anaitwa Cher Yam Tian mumewe alichoka na kaa wa mvuke kila siku akamwambia badilisha kidogo, akajaribu sosi ya nyanya, akaongeza pilipili, wakaanza kuuza kwa mkokoteni kandokando ya mto mpaka wakafungua mkahawa. Kwahiyo wala sio kitu cha kale cha wafalme, ni mama na mume mlalamishi. Unaweza.

Kaa wawili wakubwa wazito, wanunue wazima wanatembea, ukimuinua awe mzito kuliko anavyoonekana, mwepesi ni maji matupu. Mlaze kwenye friza nusu saa atulie ndo umkate. Toa mashavu yale ya kama vidole, suuza, magando yapasue kwa kinu ila usiyasage. Twanga vitunguu maji vidogo, saumu nyingi, tangawizi kidole kizima, pilipili mbuzi au zile nyekundu ndefu kwa kadri ya moyo wako. Kaanga kwenye karai kwa mafuta mpaka yatengane. Hapo ndo Mchina angemwaga mvinyo wake, wewe hapo kamua ndimu nusu, kidogo tu. Tia kaa, geuza geuza mpaka aanze wekundu, alafu sosi ya nyanya ya chupa vijiko vikubwa vitano sita, sosi ya soya kijiko, sukari kijiko kikubwa, chumvi, maji vikombe viwili, funika dakika kama kumi. Sosi ya soya soma chupa, zipo zenye nembo ya halali dukani. Soya ikichachuka kiasili tu, wanazuoni wengi hawana shida na hiyo, ila zipo zinazoongezwa spiriti na hizo uziache.

Mwisho koroga kijiko cha unga wa mahindi ule mweupe laini kama poda (cornflour, sio wa ugali) kwenye maji baridi, mwaga, ukishika uzito zima moto kisha vunja yai moja ulimwage huku unakoroga pole pole litoke nyuzi. Yai likiingia moto ukiwa bado unawaka litaganda mabonge na utakua umepika rojo la mandazi.

Kule wanachovya na mantou, vijimkate vya mvuke vilivyokaangwa nje vikawa rangi ya dhahabu. Usihangaike. Kanda unga wa mahamri, usitie iliki wala tui, punguza sukari, vitokee vidogo, kaanga. Ndo hivyohivyo karibu. Weka gazeti mezani, maji ya ndimu ya kunawia pembeni na mwambie kila mtu mapema ni ya nini, na nguo nyeupe zivuliwe kabisa maana lile rojo halitoki.